Plagi za gari ya turbo: kabla ya kuuliza iridiamu au platinamu, uliza namba ya joto na gepu

MshaleWaTurbo

Wakuu habari za muda huu. Huu uzi nimeukalia mwezi mzima kwa aibu tu, leo naumwaga.

Nina gari ya turbo, lita 2, zile mashine za kulala, silinda mbili huku mbili kule. Ikaanza kakichaa: sailensa (gari imesimama, mashine inaunguruma bila kukanyaga) imetulia kabisa, barabara tambarare inaenda vizuri tu, ila ngoja ufike mlimani gia ya tatu ukanyage, mshale wa turbo ukianza kupanda gari inashtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi. Ukiachia inatulia, ukikanyaga kwikwi tena. Nikabadili koili mbili (zile zinazopeleka umeme wa cheche kwenye plagi). Nikaosha nozeli za kupuliza petroli. Nikabadili pampu ya mafuta na filta yake. Fundi mmoja akanambia turbo ndo inakata roho nianze kutafuta nyingine. Plagi sikuzigusa kabisa kwa sababu zilikuwa MPYA, iridiamu, nimezifunga kwa mkono wangu wiki sita nyuma, kwaio kichwani kwangu plagi zilishatoka zamani kwenye orodha ya watuhumiwa.

Siku moja nimekaa nikasema ngoja nitoe moja niione. Wasioijua mashine ya kulala: plagi iko ubavuni inatazamana na chesisi, unatoa betri, unatoa boksi la hewa, alafu soketi unaitanguliza peke yake, ekstensheni unaiunganisha humohumo ndani kwa vidole bila kuona kitu. Ikatoka. Rangi safi, kahawia ya kupauka, hakuna masizi wala mafuta. Nikachukua fila (kibati cha kupimia mwanya) ya milimita 0.8 nikapitisha kwenye gepu, ule mwanya ambao cheche inaruka, haikugusa popote, inaning'inia tu. Ya 1.0 inapita. Ya 1.1 ndo ikakwaruza. Nikaigeuza nikasoma kodi (herufi na namba za aina ya plagi) kwenye kauri, mwishoni imeandikwa -11. Nikafungua kitabu cha gari: gepu 0.7 hadi 0.8. Nikanyamaza kama dakika mbili hivi.

Nikazibana zote nne mpaka 0.75, nikarudisha, nikaenda kilima kilekile gia ileile. Kwikwi imekwisha. Koili mbili na pampu nilizotoa ziko kwenye boksi hapa, zote nzima.

Sasa kwa nini sailensa haikunisema? Cheche inaruka kwenye hewa, na hewa ikibanwa inakuwa ngumu kurukika. Turbo kazi yake ni kushindilia hewa, kwaio ukikanyaga silinda inakuwa na hewa nzito mara mbili ya kawaida au zaidi, na koili inatakiwa itoe volti nyingi zaidi kuruka umbali uleule. Ukiongeza na gepu pana, koili inafika mwisho wa uwezo wake, cheche hairuki au inazimwa njiani, silinda inatema petroli bila kuiunguza. Sailensa hewa ni nyepesi, hata 1.1 cheche inaruka bila jasho. Ndo maana gari inakudanganya ukiwa umesimama na fundi amesimama pembeni anasema "mbona haimisi?" (kumisi ni silinda kukosa kuwaka).

Kwaio watu mnaotaka kununua plagi za turbo, swali la kwanza sio chuma gani. La kwanza ni namba ya joto (plagi inatoa joto lake haraka kiasi gani), la pili gepu, la tatu urefu wa uzi wa plagi (uzi wa kufunga, sio huu uzi wetu), chuma ni swali la nne. Na hayo matatu ya mwanzo yanasomeka kwenye kodi. Chukua NGK BKR6E-11: BK ni uzi wa milimita 14 na soketi ya 16, R ina rezista ndani ili isisumbue redio na kontrol boksi, 6 ndo joto, E ni urefu wa uzi milimita 19, -11 gepu ya 1.1. Muuzaji akikwambia "hizi ni zilezile tu" mwambie akusomee herufi kwa herufi. Mimi nilipewa "zilezile tu", na sikusoma.

Karibuni, matusi pia napokea.

kibatari_09

Pole mkuu, koili mbili aisee 😂

Swali langu, kila mtu anasema gari ya turbo weka "plagi baridi". Nimeweka NGK 8 kwenye gari ambayo kiwandani inakuja na 6, turbo haijaguswa, presha ni ileile. Saivi asubuhi inawaka kwa shida na sailensa inatetemeka. Nimeharibu?

FundiZuu

kibatari umeiharibu kidogo lakini inarudi.

Hili neno baridi linapoteza watu wengi sana. Plagi baridi haipoozi mashine. Plagi baridi ni ile inayotoa joto lake yenyewe haraka. Angalia kauri nyeupe ya ndani inayozunguka ncha: plagi ya moto kauri yake ni ndefu, joto linatembea safari ndefu mpaka lifike kwenye chuma na kuingia kwenye silinda hedi, kwaio ncha inabaki ya moto. Plagi baridi kauri ni fupi, joto linatoka chapchap. Hiyo tu. Hakuna barafu humo.

Na ncha inatakiwa iwe na joto lake. Chini ya kama nyuzi 500 haijisafishi, masizi yanakaa kwenye kauri, umeme unapita kwenye masizi badala ya kuruka gepu, ndo hiyo kuwaka kwa shida asubuhi. Ikipita kama 850 ncha inageuka kaa la moto, inawasha petroli kabla cheche haijaja, na hapo ndo pistoni zinatoboka. Hatua moja ya joto kwa NGK inapunguza kama nyuzi 70 hadi 100 kwenye ncha. Wewe umeruka hatua mbili kwenye gari ambayo haijaongezwa kitu. Mtengenezaji alishajua ina turbo alipoiandikia 6! Sio kwamba alisahau.

Ukiongeza presha, ukatuni (kurekebisha mashine itoe nguvu zaidi), ndo unashuka hatua moja ya joto, 6 kwenda 7. NGK wenyewe wana kadirio kwamba kila ukiongeza nguvu za farasi 75 mpaka 100 unashuka hatua moja. Ni kadirio, sio sheria, lakini mtu aliyebadili ekzosi na filta ya hewa tu hana sababu ya kuhama namba.

Kitu kingine, angalieni kampuni. NGK na Denso namba kubwa ndo baridi zaidi (NGK 6 ni Denso 20, 7 ni 22, 8 ni 24). Bosch na Champion ni kinyume, namba ndogo ndo baridi. Nimepokea gari mtu katoka kampuni moja kwenda nyingine "akapanda" namba akijua anashuka joto, kumbe kaweka plagi ya moto zaidi kwenye gari iliyotuniwa. Bahati yake alikuja kwa sababu ya taa ya injini, sio kwa breki daun.

kibatari_09

Dah. Yani nilijua baridi ndo salama siku zote. Narudi 6.

MshaleWaTurbo

FundiZuu asante, hapo umenizidi. Nitaongeza tu kwamba ukikosea joto, kukosea kwa upande wa baridi kunakupa masizi na usumbufu, kukosea kwa upande wa moto kunakupa pistoni yenye tundu. Ndo maana watu wanakimbilia baridi. Ila mtu wa safari fupifupi, mashine haijawahi hata kupata moto vizuri, plagi baridi zitamchosha.

rb_milele

Mleta uzi ngoja nikupinge kidogo. Umeandika kama vile 1.1 ni haramu kwenye turbo. RB26, mashine ya Nissan Skyline GT-R, imetoka kiwandani na PFR6A-11, gepu 1.1, turbo mbili, na ilienda vizuri tu miaka yote. Kwaio sio kweli kwamba turbo lazima 0.7.

MshaleWaTurbo

Umenishika mkuu, na uko sahihi. Sikutakiwa kuliweka kama sheria ya turbo zote. Gepu inaenda na koili na presha. Mtengenezaji akiweka koili yenye misuli na presha ya kawaida ya kiwandani, 1.1 inaruka, na gepu pana ina faida yake, cheche ni ndefu, moto unashika vizuri hata petroli ikiwa chache, sailensa inakuwa laini. Hizohizo RB26 ukizipandisha presha watu wanabana hadi 0.8, wengine 0.7. Kwangu mimi kitabu kilisema 0.8 mwisho, mimi nikaweka 1.1. Kosa ni kutofuata kitabu.

Kwaio niseme hivi: gari haijaguswa, gepu ya kitabu. Umepandisha presha na imeanza kumisi juu, bana kidogo kidogo, 0.1 kwa mara, mpaka kumisi kuishe, ukomee hapo. Usibane mpaka 0.5 kwa uoga, cheche fupi sana sailensa itakusumbua.

rb_milele

Hapo sasa tumeelewana 🤝

mama_wa_wagoni

Samahani mimi sio fundi ila gari ni ya kwangu na hela ni yangu. Iridiamu au za kawaida? Kila nikiuliza naambiwa iridiamu inaongeza nguvu.

FundiZuu

Dada, haiongezi nguvu. Kama plagi za zamani zilikuwa zimekwisha, mpya yoyote utaiona imeongeza nguvu, hata ya kawaida.

Iridiamu inachokupa ni maisha. Iridiamu inayeyuka kwenye nyuzi 2,446, platinamu 1,768, nikeli 1,455. Kwa sababu ni ngumu wanaweza kuitengeneza ncha nyembamba kama sindano, Denso wana ya milimita 0.4, NGK ya 0.6, wakati ya kawaida ni milimita 2.5. Ncha nyembamba inahitaji volti chache kuruka, na kwenye turbo hilo ni jambo zuri, koili inapumua. Na gepu haitanuki haraka. Ya kawaida ncha inalika, leo 0.8 kesho 1.0, na kwenye turbo unaanza kuumwa ugonjwa wa mleta uzi bila kukosea chochote.

Hizo za kawaida watu wanaziita "za kopa" (shaba) lakini kopa iko katikati ndani, karibu plagi zote za kisasa zinayo, hata hiyo iridiamu. Ncha ni nikeli. Sio mbaya. Watu wa mashindano na watu wanaotuni wanazipenda kwa sababu wanazibadili kila baada ya muda mfupi na hawaogopi kuzibana gepu. Kwako wewe unayeendesha kila siku, na hasa kama gari yako kuzifikia plagi ni kazi ya nusu siku, weka iridiamu ya namba ya kitabu, usahau mpaka kitabu kikukumbushe. Kama kiwandani zilikuja platinamu au iridiamu usirudi kwenye nikeli alafu ukaziacha humo kilomita laki, hapo utalia.

Na kagueni feki. Iridiamu feki zimejaa, maandishi ya kauri yanafutika kwa kidole, ncha ni nene kama ya nikeli iliyochongwa, weldi ya ncha imekaa upande. Mkiweka nne mezani ncha zote zinatakiwa zifanane kama mapacha.

mama_wa_wagoni

Ubarikiwe. Mtu wa kwanza kunijibu bila kuniuliza "mume wako yuko wapi".

spana_kumi

Jamani kuhusu kubana gepu ya iridiamu, msitumie ile sarafu ya kupimia, ile ya duara unayoisukuma kwenye gepu. Ukiikandamiza kwenye ncha ya 0.4 inavunjika kama risasi ya penseli. Shika kile kidole cha chini tu (chuma kilichopinda mbele ya ncha), kivute au kisukume taratibu, pima na waya, usiegemee ncha ya katikati hata kidogo. Na plagi ikidondoka chini, hata kama inaonekana nzima, mimi naitupa.

FundiZuu

Nakazia. Na kwenye kufunga: mashine ikiwa ya BARIDI, hedi ni aluminiamu, ukifungua ikiwa moto unatoka na thredi. Puliza uchafu shimoni kwanza kabla ya kufungua, mchanga ukidondoka ndani ya silinda hauna njia ya kurudi. Anza kufunga kwa mkono, au kwa kipande cha hosi ya mpira umekivalisha juu ya plagi, ikigoma hosi inateleza badala ya kula thredi. Alafu spana ya kupimia nguvu, plagi ya milimita 14 yenye washa kwenye hedi ya aluminiamu ni 25 hadi 30 Nm, ya milimita 12 ni 15 hadi 20. Huna spana hiyo, ikishagusa kwa mkono ongeza nusu mzunguko mpaka theluthi mbili kwa plagi mpya. Zile za koni zisizo na washa ni kama moja ya kumi na sita ya mzunguko, kidogo mno, watu ndo wanazikata.

Plagi iliyolegea kwenye turbo ni hatari kuliko mnavyodhani, joto la plagi linatoka kupitia thredi na ile washa. Ikilegea, plagi yako ya namba 7 inafanya kazi kama ya moto sana.

spana_kumi

Na grisi ya kuzuia kutu kwenye thredi je? Mimi huwa napaka.

FundiZuu

Acha kupaka. Plagi nyingi za saivi zimepakwa madini tayari kwenye thredi, NGK wenyewe wanasema usiongeze. Grisi inafanya thredi iteleze, spana inakuonyesha 25 kumbe umeshavuta zaidi ya hapo. Ile grisi nyeupe ya silikoni weka kidogo ndani ya mpira wa koili, basi.

kibatari_09

Nimetoa zile 8. Nne zote nyeusi kavu kama zimetoka kwenye bomba la ekzosi, nilitegemea hilo. Ila moja ina pete ya kahawia kwa NJE, pale kauri inapokutana na chuma cha juu. Kompresheni inavuja?

FundiZuu

Hapana. Umeme mkubwa unavuta chembe za mafuta zilizo hewani, zinaganda pale. Futa, endelea. Inayoumiza kichwa ni vitone vidogo vya kung'aa kwenye kauri ya NDANI kama pilipili ya fedha, hiyo ni aluminiamu ya pistoni, mashine inagonga. Ukikuta hivyo usiwashe, tafuta taimingi na oktani kwanza. Nyeupe iliyovimba vimba, joto limezidi au petroli haitoshi. Mafuta ya injini mabichi, ringi au sili za valvu, hata turbo yenyewe. Hizo plagi haziwezi kutibu.

MshaleWaTurbo

Na wenye turbo mpya mpya zenye nozeli ndani ya silinda, msicheze na namba kabisa. Zile zina ugonjwa wa kujiwasha kabla ya wakati kwenye mizunguko ya chini, ukikanyaga ukiwa gia kubwa mwendo mdogo, na unaweza kuvunja kauri ya plagi au pistoni kwa mpigo mmoja. Oili za kiwango cha API SP kilichokuja 2020 zimewekewa kipimo cha kuzuia hilo. Plagi ya moto kuliko ya kitabu humo ni kujitafutia.

kibatari_09

Wakuu mrejesho. Nimeweka 6 mpya, gepu ya kitabu. Asubuhi inawaka mara moja. ILA ina kumisi kapya, silinda ya tatu tu, kompyuta ya gari inatoa kodi ya hitilafu P0303 (tarakimu ya mwisho ndo silinda). Nikafanya kama mnavyosemaga, koili ya tatu nikaipeleka ya kwanza. Kodi imebaki P0303. Nikahamisha plagi ya tatu kwenda ya kwanza, kodi ikahama, P0301.

spana_kumi

Itoe uiangalie kauri kwa tochi, pande zote.

kibatari_09

Kuna kamstari keusi kembamba kama unywele, kanashuka kwenye kauri kutoka juu mpaka kwenye chuma. Umeme unapita hapo.

spana_kumi

Uliidondosha?

kibatari_09

...

Iliniponyoka wakati nafungua boksi. Ilidondokea kwenye zulia nikajua haina shida.